Dirisha la Prof

Kama unataka jibu la ndiyo au hapana, usiende kwa Prof. Jirani yeyote wa avenyu yetu atakuambia hivyo kabla hujamaliza kuuliza nyumba yake ni ipi. Mimi nimeishi ng'ambo ya barabara na mtu yule tangu binti yangu Ngalula alipokuwa anatambaa, na katika muda wote huo amenijibu sawasawa swali moja tu. Nitalifikia. Kwanza niacheni nimseme kidogo, maana amenichosha, na mtu akikuchosha miaka yote hiyo una haki ya kumsema.

Jina analo, bila shaka, ila hakuna anayelitumia. Alikuwa akifundisha fizikia katika chuo kimoja hapa Likasi. Alipostaafu, wanafunzi walibaki chuoni na cheo kikamfuata nyumbani. Watoto wanamwita Prof, padri anamwita Prof, hata marehemu mkewe alimwita Prof, hasa akiwa amekasirika. Ni mrefu, mwembamba, suruali ameipandisha karibu na mbavu, na sweta ya kahawia haimtoki, iwe mvua au kiangazi. Akisalimiwa hutazama kwanza juu, ndipo akutazame wewe. Wageni hudhani anaringa. Haringi. Anaangalia mawingu yamefika wapi.

Kazi yake ni hewa. Si hewa yote, alinisahihisha mara nyingi, bali hii ya chini, kuanzia kwenye udongo tunaoukanyaga hadi pale yanapokaa mawingu mafupi ya msimu wa mvua, yale yanayolalia vilima vyetu asubuhi mpaka huoni kichwa cha kilima. Anaitengeneza upya hewa hiyo ndani ya kompyuta. Ndiyo, anaitengeneza. Ana mashine tatu kuukuu amezifunga pamoja kwa nyaya, zimekaa juu ya meza ambayo mkewe alikuwa akiwekea sahani za wageni, na ndani yake ameweka bonde zima la Likasi, na vilima, na upepo, na mabomba ya moshi ya viwandani, na mawingu juu. Kisha anaiambia: enda. Na hewa inaenda, inajizungusha, inapanda na kushuka, yote kwa hesabu.

Nilimuuliza siku moja inamchukua muda gani kutengeneza asubuhi moja namna hiyo. Akasema, umeme ukiwa mzuri, kama juma zima. Nikamwambia: kwa hiyo Jumatatu ya leo utaijua Jumatatu ijayo? Akafurahi sana kwamba nimeelewa. Mimi nilikuwa namcheka. Nikamuuliza ya nini kuijua Jumatatu iliyokwisha kupita, watu wamekwisha kuivuta yote na kuitoa puani. Akasema anataka kujua Jumatatu ni kitu cha namna gani. Nilirudi kwangu nikiwa sijui kama nimejibiwa au nimefukuzwa.

Na huo umeme wenyewe! Ukikatika kabla hajahifadhi hesabu zake, kazi yote inapotea, anaanza upya. Mtu mwingine angetukana. Yeye hutoka barazani, mikono nyuma, anasema kwa sauti ya kutangaza msiba kwamba Mwadingusha amelala. Mwadingusha ndiko kwenye bwawa linalotupa umeme, na yeye huliita kama jina la mjomba mlevi. Kisha anavuka barabara, ananunua vitumbua vyangu, anakula akiwa amesimama. Mimi nauza vitumbua getini kwangu asubuhi. Nawasha mbabula, yaani jiko langu la makaa, kabla jua halijatoka, na watu wa kazi na watoto wa shule wananunua wakipita. Mume wangu anafanya kazi kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, anaondoka gizani, kwa hiyo asubuhi avenyu ni yangu na Prof.

Sasa nieleze jambo lenyewe, msije mkadhani ninamsema mzee wa watu bure. Ngalula ana kifua. Daktari anasema pumu, sisi tunasema kifua. Kuna asubuhi hewa ya hapa inashuka nzito, inakwaruza koo, ina ladha ya kiberiti, na asubuhi kama hiyo mtoto wangu anakaa kitandani ameshika magoti, anavuta pumzi kana kwamba anaivuta kupitia tundu la sindano. Ni mtoto wangu wa pekee. Yaya yangu, dada yangu mkubwa, yuko Mwadingusha, mumewe anafanya kazi bwawani, na kila mwaka ananiomba: nipe Ngalula, hapa kuna mto, hakuna moshi, kuna shule. Na kila mwaka nasema tutaona. Kumtoa mtoto wangu mikononi, nimwone Noeli na Pasaka kama mgeni? Lakini kumbakiza hapa, nikizike kifua chake kwa mkono wangu? Ndilo swali nililokuwa nalo. Na ng'ambo ya barabara yangu alikuwa anaishi mtu wa pekee mjini aliyesomea hewa hii hii, yenye mawingu haya haya, na moshi huu huu ndani yake. Ungekuwa wewe usingemuuliza?

Nilimuuliza. Akasema, «Ça dépend.» Inategemea.

Hilo ndilo neno lake. Wengine wana amina, yeye ana ça dépend. Aliwahi kulisema kwa kiongozi wa kwaya wa parokia yetu, aliyekuja kumuuliza kama mvua itanyesha siku ya harusi ya binti yake, akodi hema au asikodi. Prof alitazama juu, akasema inategemea. Kiongozi wa kwaya akasikia hapana, kwa sababu ndicho alichotaka kusikia. Mvua ilishuka wakati wa keki. Bibi harusi alibebwa mgongoni na kaka yake, wali ukaelea kwenye masufuria. Yule baba hakumsalimu Prof mpaka Pasaka, na Prof hakuelewa kosa lake. Aliniambia kwa mshangao wa kweli: nilimwambia inategemea, na mama, si umeona? Ilitegemea.

Lakini kwangu hakusema tu neno hilo akaenda zake. Hapo ndipo ilipo taabu ya mtu huyu: angekudharau ungeweza kumchukia na kupumzika. Alikaa kwenye kigoda changu akaanza kunieleza. Alisema wingu fupi si blanketi linalolala tu juu yetu. Mgongo wake unapoa kwa kutazama mbingu, ile hewa iliyopoa inazama, na ikizama inavuruga kila kilicho chini, hivyo moshi uliokuwa unajiendea juu huko unaweza kukokotwa mpaka mlangoni kwako. Au unaweza usikokotwe. Mizunguko mikubwa ya hewa mashine yake inaiona na kuifuata. Ila ameigawa hewa katika visanduku, na ndani ya kila kisanduku kuna mizunguko midogo isiyoonekana, mingine midogo kuliko ua huu wangu, na hiyo midogo ndiyo inaamua mengi.

Akaninyooshea kidole kwenye karai la mafuta, ambamo vitumbua vilikuwa vinageuka. Akasema: unaona vitumbua vinavyozunguka, huoni mafuta yanavyozunguka katikati yao. Nikamuuliza sasa ile midogo anaijuaje. Akajibu, «Kile kiko mu kasanduku hatukione, mama. Tunaangaria kile kinaingia na kile kinatoka, alafu tunakisia.»

Nilimwelewa vizuri kabisa mpaka alipovuka barabara. Alipofunga mlango wake nikajikuta sina kitu mkononi. Mtoto aende au abaki? Sanduku, mgongo wa wingu, mafuta. Kitumbua kimoja kiliungua.

Msidhani hakuwa mtu wa Mungu. Alikuja misa kila Jumapili, akakaa upande wa kushoto, nguzo ya tatu, na uvumba ulipofukizwa aliinua uso, akaufuata moshi ule kwa macho hadi darini, midomo ikitikisika. Watu waliona. Padri mmoja aliyehamia kwetu alimtaja hata katika mahubiri: tazameni msomi huyu, jinsi roho yake inavyopanda pamoja na uvumba. Tukitoka kanisani nilimuuliza alikuwa anasali sala gani. Akasema alikuwa anatazama pale moshi unaponyooka, unyooke, halafu ghafla uvunjike na kuwa mavurugu, na kwamba maisha yake yote hajaweza kusema kabla yake utavunjikia wapi. Nilikasirika. Nilimwambia kanisani si maabara. Lakini siku ya mazishi ya mkewe nilikaa benchi la nyuma yake, na uvumba ulipoanza kupanda kutoka kando ya jeneza hakuinua uso hata kidogo. Alitazama viatu vyake. Tangu siku hiyo sikumsema tena kuhusu uvumba.

Na sigara! Huyu ni mtu ambaye anaweza kukueleza kila kinachoingia mapafuni mwako, na anavuta kama bomba la kiwanda. Alijiwekea sheria ya kuvutia nje, kwa sababu moshi wa sigara unaziharibu mashine. Mashine, sikilizeni, si yeye. Nilimtania kwamba angekuwa ameoa mashine, labda angeacha. Alicheka mpaka akakohoa.

Hajui kununua samaki, wanamwibia mchana kweupe. Anaweza kukaa na mtoto wa mtu saa nzima akimfundisha kugawa desimali, halafu asimkumbuke kesho yake. Alimpenda Ngalula, hilo alikumbuka. Kila akimwona alimuuliza alilalaje, na alisikiliza jibu.

Sasa niwaambie kuhusu dirisha.

Nyumba yake ina dirisha linalotazama barabara, lenye mbao mbili zilizopakwa rangi ya kijani. Kuna asubuhi moja, Ngalula akiwa bado mdogo, hewa ilishuka vibaya, avenyu nzima ikatoka nje inakohoa, nguo zilizokuwa kambani zikapata madoa. Wote tulikuwa nje tukifuta machozi, isipokuwa Prof. Dirisha lake lilikuwa limefungwa kwa komeo. Mama Chantal, jirani yangu wa ukuta, ndiye aliyeona wa kwanza. Akasema, «Ule anajua. Anafunga mbele ya moshi kufika. Kusema njo haseme.» Yaani hufunga kabla moshi haujafika, ila kusema ndiko hasemi.

Basi ikawa desturi. Kila asubuhi mama wa avenyu yetu akitoka nje anatupa jicho dirishani kwa Prof. Likiwa wazi, anika nguo, anika mihogo, watoto waende. Likiwa limefungwa, kaa ndani. Mimi niliwasha mbabula yangu getini, na makaa yakishika nilitazama ng'ambo. Likifunguliwa nilibaki pale pale, Ngalula akachukua mkoba akaenda zake. Lisipofunguliwa niliondoa mbabula nikaipeleka nyuma ya nyumba, nikauzia huko, na mtoto akabaki na daftari zake kitandani. Masomo aliyokosa aliyanakili kwa rafiki yake. Walimu walinung'unika. Niliwaambia mtoto wangu ana kifua na mimi nina Prof.

Yeye mwenyewe hatukumwambia. Tulikubaliana, wanawake wote, bila hata kukaa kikao: ukimwambia tu, ataanza kueleza, na akianza kueleza litaingia ça dépend mpaka kwenye dirisha, na tutabaki bila kitu. Kinywa chake hakikuwahi kusema ndiyo wala hapana, lakini mbao zile mbili zilisema. Na msinicheke, ilifanya kazi. Miaka ya kwanza Ngalula alikuwa akilazwa mara kwa mara. Baada ya dirisha, alilazwa kwa nadra. Yaya akipiga simu kutoka Mwadingusha kuniomba mtoto, nilimwambia nimepata njia. Nilijivuna hata. Nilikuwa na mtoto wangu nyumbani, na nilikuwa na ulinzi.

Mwaka huu, katikati ya mvua, kulikuja asubuhi ya mawingu mafupi sana. Ilikuwa imenyesha usiku na bado manyunyu yalikuwa yanadondoka, vilima havionekani, moshi wa viwandani hauonekani umekwenda wapi. Nilijibanza chini ya bati la geti, nikawasha. Makaa hayajashika vizuri, nikaona dirisha la Prof linafunguliwa, mbao zote mbili, mpaka ukutani. Nikafurahi, kwa sababu Ngalula alikuwa na mtihani. Nikamfunga skafu, nikampa vitumbua viwili, akaenda.

Haukupita muda rafiki yake akarudi anakimbia peke yake, bila mkoba.

Tulimkuta ameketi ukingoni mwa mtaro, skafu ameitupa, midomo imekuwa na rangi ambayo sitaki kuitaja. Hakuweza hata kuniita mama. Mtu wa pikipiki tusiyemjua alitubeba wote wawili mpaka hospitali, mimi nyuma, mtoto katikati, na njia nzima nilikuwa nasikia mbavu zake zinagonga kifua changu. Waliniweka nje ya mlango. Nilikaa chini sakafuni. Niliogopa kiasi kwamba sikuweza hata kusali, nilikuwa naona tu mbao mbili za kijani, ziko wazi.

Alipona. Nasema sasa hivi ili msipate taabu niliyoipata mimi. Walimweka kwenye oksijeni, akalala huko, wakamrudisha kwangu amekonda uso. Nilimlaza, nikamfunika, nikavua kitenge cha kazi nikavaa kingine, nikavuka barabara.

Nilimkuta mezani, mashine zinanguruma. Alisimama, akauliza mtoto amelalaje. Swali lile lile. Siku hiyo lilinichoma.

«Ba Prof,» nikamwambia, «ile asubui ulifungula dirisha.»

«Dirisha?»

«Dirisha yako. Ulifungula. Minye nikaona, nikatuma mutoto ku masomo.»

Hakuelewa. Ilibidi nimweleze desturi yote, tangu asubuhi ya nguo zenye madoa, Mama Chantal, mihogo, wote. Nilieleza kwa hasira, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyobadilika, mpaka akaketi. Alizima mashine. Sijawahi kumwona akizima mashine kwa hiari yake. Yakasikika manyunyu tu juu ya bati.

«Mama Ngalula,» akasema polepole, «minye naangaria mbabula yako.»

Sasa mimi ndiye nisiyeelewa. Akanieleza, na kwa mara ya kwanza alieleza kwa ufupi. Mashine yake haikuwahi kumwambia kuhusu asubuhi ya leo. Ingemwambiaje, nayo inamaliza Jumatatu juma linalofuata? Asubuhi yeye huamka, anasimama nyuma ya mbao za dirisha, anachungulia kwenye upenyo. Akiona mbabula imetulia getini kwangu, anafungua. Akiona nimeiondoa, anaacha limefungwa siku nzima. Amefanya hivyo miaka na miaka. Alisema, «Weye iko na mutoto wa kifua. Nilisema, ule mama njo anasikia hewa mbele ya mashini yote.»

Niliketi kwenye kiti cha marehemu mkewe bila kukaribishwa. Nikaanza kuhesabu upya asubuhi zote zile kichwani. Mimi namngoja yeye, yeye ananingoja mimi. Siku nilizoamka na uchungu, nimegombana na mume wangu, sikuwa na subira ya kungoja dirisha, niliondoa mbabula mapema. Yeye akaona, akafunga. Mama Chantal akaona amefunga, akatoa nguo kambani. Avenyu nzima ikakaa ndani. Kwa sababu ya ugomvi wangu na mume wangu! Siku nilizochelewa kuinua macho, yeye aliona mbabula imetulia, akafungua, nami nikaona amefungua, nikamtuma mtoto. Hakuna aliyekuwa anajua kitu. Nilicheka, nikacheka kwa sauti mbaya, kisha nikalia, naye akawa hajui anipe nini, akanipa sweta yake nifutie uso.

Lakini mbona mtoto alipata nafuu miaka ile? Nilimuuliza. Huenda ni umri. Huenda, alisema, asubuhi nyingine mmoja wetu alisikia kitu kooni kabla ya kujua amesikia, na mwenzake akamfuata. Huenda ni bahati. Hakusema ça dépend, ingawa nililiona likimpita usoni.

«Na ile asubui?» nikasema, maana siku hiyo yeye ndiye aliyetangulia. «Ulifungula mbele yangu. Makala haikushika bado.»

Akatazama mikono yake. Alisema kulikuwa na manyunyu, hakutaka kulowa, akavuta sigara ndani ya nyumba. Chumba kikajaa. Alifungua ili moshi wake utoke. Halafu akachungulia akaona nimebaki getini, akasema moyoni, basi hewa ni nzuri.

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Mzee wa watu hakujikinga. Mkono ukarudi wenyewe, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimebaki pale getini na pua yangu mwenyewe usoni, natazama mbao.

Ndipo nikamuuliza tena, swali lile la miaka yote. Niliuliza kwa uchovu, nikiwa nimekwisha kusimama ili niende, kama mtu anayegonga mlango anaojua haufunguliwi. Yaya anamtaka Ngalula Mwadingusha. Aende au abaki?

Nikawa nangoja mgongo wa wingu.

«Umupeleke,» akasema.

Nilimtazama. «Mashini njo inasema vile?»

«Mashini haiseme kintu. Minye njo nasema. Umupeleke, mama, mbele ya juma kuisha.»

Miaka yote nilikuwa nimelilia jibu la namna hiyo, na lilipokuja nilimchukia kwa kunipa. Ningelipenda lile jingine. Kwa ça dépend ningelibaki na mtoto wangu.

Nilimpeleka. Mume wangu alibeba sanduku, Prof alibeba godoro kichwani hadi kwenye gari, suruali imepanda mbavuni, avenyu nzima inatazama. Ngalula alilia, kisha akaona wenzake wanamtazama akaacha. Alimwambia Prof aangalie mama yake. Prof akasema ndiyo. Ndiyo ya pili katika juma moja, mtu huyo! Kumbe alikuwa nazo, alikuwa amezificha wapi?

Siku chache baadaye yaya alipiga simu alfajiri. Mtoto amelala usiku mzima, alisema, bila kuamka na kukaa ameshika magoti. Ila asubuhi huko nako kuna ukungu juu ya maji, mweupe, mpaka huoni ng'ambo. Niliposikia ukungu sikumngoja amalize. Nilitoka getini na simu mkononi, Prof akawa amesimama barabarani na sigara yake, nikamwambia yote kwa pupa.

Macho yake yaliwaka. Akaanza kuuliza ni ukungu wa namna gani, unainuka saa ngapi, upepo unatoka upande gani wa mto. Kisha akajikata katikati ya neno. Akazima sigara kwa kiatu.

«Mutoto alilala?» akauliza.

«Alilala.»

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwake, bila kutazama juu.

Mimi niliwasha mbabula. Nyumbani kwangu hapakuwa tena na kifua cha kulinda, kitanda kimetandikwa, mkoba hauko msumarini, na hewa ya asubuhi ile ingeweza kuwa njema au mbaya, ilikuwa kwangu mamoja. Makaa yalishika. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitatazama tena ng'ambo. Nikatazama. Dirisha lilikuwa wazi, mbao zote mbili mpaka ukutani, na Prof alikuwa amesimama katikati, hajifichi nyuma ya upenyo tena, ananitazama mimi.